"Kama" Sekunde 12

Mwalimu mmoja wa hapa kambini aliniazima kurasa chache za Kiingereza, zimekunjwa mara nne. Ni daftari la Orville Wright, yule fundi baiskeli wa Dayton, Ohio, aliyeruka na ndege pamoja na kaka yake Wilbur. Nilitegemea hadithi ya mashujaa. Kumbe ni daftari la kazi: upepo, muda, umbali, kilichovunjika. Siku ya kwanza nililiona kavu. Leo nataka kulitetea, ingawa si kwa kila kitu.

Tuanze na tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, North Carolina. Orville anaandika kwamba safari ya kwanza ilichukua kama sekunde 12. Kama! Halafu anatoa sababu: saa haikusimamishwa upesi, kwa hiyo muda kamili haujulikani. Ndugu msomaji, dunia nzima inaikariri hiyo 12, na mwenyewe ameitangulizia "kama". Upepo vilevile: kipimo chao kilisoma zaidi kidogo ya maili 20 kwa saa, cha serikali pale Kitty Hawk kilisoma 27. Hakuchagua kimoja. Aliandika vyote viwili.

Hapo ndipo liliponishika. Miaka iliyopita, kwenye mahojiano, niliulizwa tulivuka Ziwa Tanganyika tarehe ngapi. Nikasema, kama katikati ya mwezi wa kumi, mvua zilikuwa zimeanza. Aliyekuwa anauliza akataka tarehe. Nikampa tarehe, ili tu yaishe. Mahojiano ya pili nikataja nyingine. Toka siku ile nahesabiwa mtu ambaye maneno yake hayalingani. Kusahau kungesameheka, nadhani. Nilichokosea ni kujifanya najua.

Orville hakujifanya. Ndiyo maana namwamini anaposema safari ya nne, ya Wilbur, ilidumu sekunde 59 na kufika futi 852. Mchana ule walimpelekea baba yao telegramu. Njiani 59 ikageuka 57, hata jina la Orville likaandikwa vibaya. Gazeti moja la Virginia likatangaza eti ndege imeruka maili tatu. Sisi si tunayajua haya? Neno likipita midomo mitatu linafika limeota mkia. Daftari lilibaki na 59 yake.

Kuna watakaosema hayo si fasihi, ni hesabu. Nakataa. Msikilize anapofika kwa John Daniels, mmoja wa watu wa pwani ile waliokuja kusaidia. Baada ya safari ya nne upepo uliibeba ndege ikabiringika, na Daniels akabiringika nayo, ameing'ang'ania kwa ndani, pamoja na injini na minyororo. Orville anasema kupona kwake kulikuwa muujiza. Ukurasa mzima sauti yake iko chini. Hapa inapanda, na inapanda kwa ajili ya mtu mwingine.

Udhaifu upo. Ndege imeharibika vibaya, kazi ya miaka, naye anataja sehemu zilizovunjika, basi. Kisha wanakula chakula cha mchana, ndipo wanaenda kupeleka telegramu. Furaha yako iko wapi, kaka? Woga je? Mimi mtoto wa Fizi nimezoea masimulizi ambayo mtu analia na kucheka humohumo. Hapa nilibaki na njaa. Tena daftari kama hili linamfaa mtu mwenye saa, meza na kabati. Mama yangu alivuka ziwa na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Daftari angelitia wapi?

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1904 walihamia Huffman Prairie, malisho ya ng'ombe karibu na Dayton. Waliruka mara 105, na ukijumlisha muda wote wa hewani haufiki saa moja. Waliendelea kuandika. Tarehe 20 Septemba walizunguka duara kamili kwa mara ya kwanza. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alikwenda maili 24 kwa dakika 39. Hata hivyo wengi hawakuamini. Mwaka 1906 gazeti moja la Paris liliuliza kama hawa ni warukaji au waongo. Agosti 1908 Wilbur aliruka mbele ya Wafaransa karibu na Le Mans, na waliobisha wakanyamaza. Miaka yote kabla ya hapo, watu wakibisha, daftari zao zilikuwepo, na makosa ya saa yakiwa yameandikwa ndani.

Mimi nimenunua daftari la kurasa 96. Juzi niliandika: foleni ya mgao, tangu kama saa moja asubuhi, simu haikuwa na chaji, jirani anasema ilikuwa saa mbili. Nimeandika vyote viwili.

Mahojiano ya tatu sijaitwa bado. Nikiitwa, nitaanza na "kama", na nitaeleza kwa nini.