Binti Aliyeandikwa Bila Kusikilizwa

 

Mwaka 1920 Sigmund Freud, tabibu wa nafsi wa Vienna, alichapisha makala juu ya binti wa miaka 18 aliyempenda mwanamke mwenzake. Binti huyo alijaribu kujiua, kisha baba yake akampeleka kwa Freud ili abadilishwe.

Makala hiyo ina uzuri wake. Freud alikiri kwamba binti hakuwa mgonjwa, na kwamba tiba anayoitaka baba si sawa na tiba anayoitaka mwenyewe. Dosari yake ni kuwa maneno ya binti yamo humo kwa kadiri tu ya kuitumikia nadharia ya tabibu. Simulizi yake mwenyewe ilitoka kitabuni mwaka 2000, kwa jina la bandia, naye alikwisha kufariki mwaka 1999. Miaka 80! Sera nazo zilichelewa: mwaka huo huo wa 1999 ndipo Institute of Medicine ya Marekani ilipotoa ripoti maalumu juu ya afya ya wanawake wa hali hiyo, ikaeleza uchache wa utafiti juu yao.

Msomaji atauliza: yanatuhusu nini hayo, ilhali hukumu ya usagaji katika fiqhi ni haramu? Hukumu hatuibadilishi. Lakini wanausuli wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimuusia asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize na wa pili. Basi imamu anayeletewa binti na baba yake, akatoa fatwa kabla binti hajafungua kinywa, amelirudia kosa la Freud na ameuacha wasia wa Mtume wake. Mtunga sera na tabibu wanaoamua mambo ya wanawake hawa bila kuwauliza, hali yao ni hiyo hiyo.

Kusikiliza si kuhalalisha. Ni kujua kama binti anakula na kulala, kama anapigwa nyumbani, kama anawaza kujiua. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, na siri yake ni amana. Nasaha ina wakati wake baada ya hapo.

Wallahu aalam.