Ufundi wa Kuuguza Mshono

Fundi cherehani wa pale Soko la Chifu Kingalu, mjini Morogoro, hushona ili nguo ivaliwe mpaka ichakae. Daktari wa mifugo hushona ngozi ya mbwa akijua kwamba baada ya siku 10 hadi 14 kila uzi aliouweka utakatwa na kutupwa. Kati ya siku hizo mbili, ya kushonwa na ya kutolewa nyuzi, daktari hayupo. Yupo mama mwenye nyumba, au kijana wa darasa la sita, au mlinzi wa usiku, anayemlaza mnyama ubavu asubuhi na jioni na kuchungulia tumbo lake. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Ufundi wake hauna cheti wala mshahara, lakini mshono mzuri kuliko yote unaweza kuharibika mikononi mwa mtu asiyeujua, na mshono wa kawaida tu ukapona vizuri mikononi mwa mtu anayeujua.

Morogoro ni mahali pa kufaa kuuzungumzia. Madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii walishika kisu chao cha kwanza cha upasuaji hapa, chini ya Milima ya Uluguru. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa mwaka 1984, mwaka uleule Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, ila mafunzo ya udaktari wa mifugo yalikuwepo tangu miaka ya 1970, wakati mahali hapo pakiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapohapo chuoni, shirika la APOPO huwafunza panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu Kambodia. Panyabuku hao hupakwa mafuta ya kuzuia jua masikioni na mkiani kabla ya kwenda mazoezini. Kwa hiyo anayeona kuhangaikia ngozi ya mbwa ni anasa, mji huu una jibu lake: ngozi ya panya nayo inaangaliwa.

Mbwa jike anapofungwa kizazi, daktari hupasua katikati ya tumbo, na wakati wa kufunga hushona zaidi ya tabaka moja. Chini upo utando mweupe, mgumu, unaounganisha misuli ya tumbo ya kulia na ya kushoto. Huo ndio unaobeba uzito wa matumbo yote mnyama anaposimama, na huo ndio unaoshonwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote, kwa uzi ambao mwili utaumeng'enya wenyewe polepole. Juu yake hushonwa mafuta, kisha ngozi. Mwenye mbwa huona ngozi peke yake. Daktari mzuri hafungi nyuzi za ngozi kwa kukaza. Anajua kesho yake kingo zitavimba, na uzi uliokazwa leo kesho utazama kwenye nyama, uinyime damu, na kingo zife. Basi usishangae ukiona mafundo yamelegea kidogo. Fundi aliyeyaacha hivyo aliuachia uvimbe nafasi.

Siku mbili tatu za mwanzo mshono huwa mwekundu kidogo, una joto, umevimba. Hiyo ni kazi inayoendelea: chembe nyeupe za damu zinaondoa uchafu na seli zilizokufa. Kisha seli nyingine huanza kutandaza kolajeni, nyuzinyuzi za mwili wenyewe. Mpaka hapo nguvu yote inayoshikilia jeraha ni ya uzi wa daktari. Ndiyo maana siku ya nne na ya tano nazihofia kuliko ya kwanza. Siku ya kwanza mbwa kalala, anaumwa, hana haja ya kuruka. Siku ya nne hamu ya chakula imerudi, maumivu yamepungua, na geti likigongwa anataka kukimbia kama ilivyo ada yake. Yeye ana nguvu, jeraha halina. Hapo ndipo kamba fupi inapookoa, na kumlaza ndani, na kumbeba kwenye ngazi hata kama ni mzito.

Mwuguzaji hodari hutumia vidole kama anavyotumia macho. Kuanzia siku ya tano au ya sita, ukiisha kunawa kwa sabuni, pitisha kidole taratibu sambamba na mshono. Utahisi tuta jembamba, gumu, chini ya ngozi, likienda toka mwanzo wa mshono hadi mwisho. Huo ni mwili unaojiunga. Pale tuta linapokatika ndipo pa kurudia kutazama. Na kuna dalili nyingine ambayo ningependa kila mwenye mbwa aijue: maji ya rangi ya damu iliyochujuka yanayolowesha kitambaa siku hizohizo za nne na tano. Ngozi inaweza kuonekana imetulia kabisa, kumbe tabaka la ndani linaachia. Huo si wakati wa kusubiri kesho. Siku hizi simu inasaidia sana, maana picha moja kila asubuhi, kwa umbali uleule na mwanga uleule, humwonyesha daktari mabadiliko ambayo jicho lililozoea haliyaoni.

Adui mkubwa ni ulimi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa mate ya mbwa ni dawa, na ni kweli yana uwezo mdogo wa kuua vijidudu. Lakini kinywa chake kimejaa bakteria, na kulamba kwenyewe hulegeza uzi, kisha meno yanamalizia. Ulimi wa paka una miiba, huo ni hatari zaidi. Asiyeweza kununua kola, ile koni ya shingoni ya kumzuia mnyama asijilambe, hukata ndoo ndogo ya plastiki chini, akaizungushia kitambaa ukingoni isimchubue mnyama shingoni. Wengine humvalisha fulana ya mtoto ya mitumba, wakaifunga fundo mgongoni. Fulana hiyo ikifuliwa na kuanikwa ipigwe pasi mpaka kwenye mikunjo, kwa sababu yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na mabuu yake hupenya ngozini. Masika nayo, mvua inaposhuka kutoka Uluguru na ua wote kugeuka tope jekundu, mbwa hutolewa kwenda haja tu na kurudishwa ndani, akapanguswa miguu.

Na uzi ukifumuka? Kwanza jua ni tabaka lipi. Nyuzi mbili za ngozi zikiachia na chini ukaona nyama nyekundu, safi, jeraha linaweza kupona hata bila kushonwa tena, kwa kujijaza kutoka chini kwenda juu. Daktari ndiye wa kuamua, na aone siku hiyohiyo. Wakati unamtafuta, chemsha maji, yaache yapoe, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita moja, umimine taratibu juu ya jeraha. Basi. Usimwagie spiriti wala haidrojeni peroksaidi, ambazo huua hata zile seli changa zinazojenga. Usimwage unga wa kapsuli, mazoea yaliyoenea sana mitaani, kwa kuwa hukauka ukawa gamba na usaha hujificha chini yake. Wala usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Parasetamoli huua paka. Lakini ukiona utumbo au mafuta ya ndani yamechomoza, usirudishe kitu kwa mkono. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji hayo ya chumvi, zungushia kanga tumboni, mzuie asijitafune, asile wala asinywe, mwite wa bajaji muende.

Ujuzi huu katika nchi zetu si mgeni. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Uganda ya leo, mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mama mjamzito na kumtoa mtoto. Mganga alinawa kwa mvinyo wa ndizi, akaziunganisha kingo za jeraha kwa pini za chuma zilizozungushiwa kamba za gome la mti, akapaka rojo la mizizi na kufunika kwa jani la mgomba. Felkin alichapisha alichokiona mwaka 1884. Wasomaji wengi hustaajabia kisu. Mimi nastaajabia pini, ambazo hazikutolewa kwa mkupuo. Zilitolewa kwa zamu, kati ya siku ya tatu na ya sita, jeraha likisafishwa na kufungwa upya, na siku ya 11 lilikuwa limepona. Mganga yule alikuwa akiusoma mwili kila anapofungua bandeji, akaupa kila siku mzigo unaouweza.

Daktari anayetoa nyuzi leo anafanya vivyo hivyo. Huinua fundo kwa kibano, hukata upande mmoja tu wa uzi, chini ya fundo, karibu kabisa na ngozi, ili kipande kilichokuwa nje na uchafu wake kisipite ndani. Huvuta kuelekea kwenye mstari wa jeraha, asije akazitenganisha kingo. Penye shaka hutoa uzi mmoja, akaruka wa pili, akatoa wa tatu, kisha akatazama. Kingo zikikaa, humalizia. Zisipokaa, nyuzi zilizobaki huachwa siku chache zaidi, na hakuna aibu yoyote katika kurudi tena.

Siku hiyo watu hufurahi, kola ikavuliwa, mbwa akaachiwa uani. Mapema mno. Ngozi ya wiki mbili ina sehemu ndogo tu ya nguvu yake ya zamani, na hata miezi ikipita kovu halifiki zaidi ya asilimia 80 hivi ya ngozi isiyowahi kukatwa. Kamba fupi iendelee wiki mbili nyingine. Kuoga kusubiri siku kadhaa, matundu ya nyuzi yazibe. Kola iwekwe karibu, kwani mshono unaopona huwasha, na mbwa anayewashwa usiku halambi kidogo. Na jioni, akiwa amelala ubavu, apapaswe tena tumboni.