Ubeti wa Tano Uliharibu Kazi

Kosa lilikuwa ubeti wa tano, na halikuwa kosa dogo. Mliokuwa kwenye onyesho la mashairi Kayole Jumamosi mlimsikia binti wa Dandora akikumbuka usiku makarao walipovunja mlango wakitafuta chang'aa ya mamake. Beti nne nzima alisimama kwenye "mimi": aliyesukuma jerikeni chini ya kitanda cha mdogo wake, aliyemdanganya karao usoni, aliyemwona mamake akiingizwa seli huku akijua karo yake ya muhula imetoka kwenye jerikeni ile ile. Pumzi ilipangwa, Sheng ilikuwa safi, sauti haikupanda bure.

Kisha akaihama nafsi hiyo. Ghafla tukawa "sisi vijana wa mtaa", pombe ikawa adui wa jamii, tukaambiwa tusikate tamaa. Vitenzi vyenyewe vilimsuta: beti nne zilitembea kwa -li-, ya tano ikaja na tuinuke, tuungane, tukatae. Na asimtetee mtu kwa kusema alisahau mistari. Gitaa liliingia pale pale, kwa hivyo jambo hili liliamuliwa mazoezini.

Tazameni lilivyobomoa. Nafsineni aliyekiri kusomeshwa na chang'aa hawezi kuilaani chang'aa bila kumhukumu mama. Ile "sisi" ilimwachia mama kesi peke yake, na binti akapita katikati ya umati. Ungamo lilitaka abaki kizimbani naye.

Nimelisema hili miaka mingi na sitachoka: warsha za wafadhili zimewazoesha washairi wa Eastlands kufunga kila kidonda kwa ujumbe. Mashindano ya slam nayo, kwa dakika zake tatu na majaji wanaoinua alama, huzawadia makofi ya mwisho. Mshairi akijifunza hapo, atamalizia kwa umati kila mara.

Mfano wa kinyume upo karibu: Kalamashaka, kundi la hip hop, walitoka Dandora hiyo hiyo. Katika miaka ya tisini, redio zikiwa zimejaa muziki wa Marekani, waliifungua dhiki ya mtaa kwa Kiswahili katika "Tafsiri Hii", wala hawakuomba radhi. Na kabla yao Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka "Kenya: Twendapi?", aliandika kwa siri katika gereza la Kamiti kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Nani alikuwa na haki kubwa zaidi ya kusema "sisi"? Someni shairi lake "Siwati": msimamo ni wake, gharama ni yake, na mizani haitetereki.

Binti huyu ana kipaji, ndiyo maana nimekasirika. Akipanda tena jukwaani akomee seli, ubeti wa nne. Akiona lazima wa tano uwepo, aurudishe kwenye "mimi" na -li-, gitaa lisiguswe, atuambie alimwambia nini mamake alipotoka.