Udhuru Usio na Nguvu: Kufasiri Kielezi cha Kiingereza

Waandishi wa hadithi za Kiingereza hupenda kielezi "lamely". Mtu akitoa udhuru usioaminika, huandika ya kuwa alijibu kama achechemeaye. Mfano huo ni wa zamani: Shakespeare, katika mchezo wa Othello, alimfanya Desdemona kuyaita kiwete maneno ya mwisho ya Iago. Mwalimu wa Buhare au Musoma afasiripo habari hizo huvutwa kusema, "Akajibu kiwete-kiwete." Tafsiri hiyo haifai, kwa sababu tatu.

Kwanza, Kiswahili kina maneno yake. Udhuru ni sababu ya kutotenda jambo, nayo yaweza kuwa kweli. Kisingizio ni kingine, kwani neno hilo latoka katika kusingizia, yaani kumtwika mtu kosa asilolitenda. Kiingereza chatazama kama udhuru una miguu ya kusimamia. Kiswahili chauliza ni nani aliyetwikwa mzigo. Tena, kwa namna ya kunena, asitaye husemwa kwamba anajiumauma. Ashikwaye na hofu hubabaika. Ajipingaye kwa kinywa chake hujikanyaga. Huyu ajikanyagaye aweza kuwa na miguu mizima kabisa.

Pili, kielezi humnyang'anya msomaji kazi ya kupima. Katika Kutoka 32 Haruni amwambia Musa kwamba aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama. Mwandishi haongezi neno la kumhukumu. Hana haja, maana aya ya nne imekwisha kutuambia kwamba Haruni mwenyewe aliichonga kwa chombo. Mwanafunzi akumbukaye aya ile ameuona udhaifu wa udhuru bila kuambiwa.

Tatu, mfano wenyewe hauna haki. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Katika 2 Samweli 19 amweleza Daudi kwamba alikawia kwa kuwa mtumishi wake Siba alimdanganya, kisha akamsingizia. Ndevu zake na nguo zake, zilizoachwa bila kutunzwa tangu siku mfalme alipoondoka, zamshuhudia. Hata hivyo Daudi hakuchunguza, akaligawa shamba kati yao wawili. Huo ulikuwa udhuru wa kiwete, wala haukuwa dhaifu.

Jambo hili si la kamusi tu. Mtoto mwenye ulemavu wa mguu aketiye darasani asikia jina la mwili wake likifanywa jina la uongo. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, lakini sheria haisahihishi madaftari. Kazi hiyo ni ya mwalimu. Basi na tufasiri, "akajibu akijiumauma," au "akababaika," kwa kadiri ya habari. Na pale ambapo udhuru wajifunua wenyewe, tuandike "akajibu" tu.