Ufundi wa Kulaza Mgeni

Mifarishi ilitoka nje saa nne asubuhi, si mapema zaidi. Kabla ya hapo ukungu wa mto huwa bado umelala uani, na nguo iliyoanikwa ukunguni hurudi ndani nzito kuliko ilivyotoka. Mama mwenye nyumba alisimama kizingitini, akavitazama vilima vya ng'ambo, akaingia ndani, akatoka na mifarishi minne begani. Akaitandaza juu ya fito za mianzi na kuipiga kwa henzerani, pigo baada ya pigo, bila hasira. Saa saba akaigeuza. Saa tisa na nusu, jua likiwa bado kali na mimi nikiona ni mapema mno, akairudisha yote ndani. Nilimuuliza kwa ishara mbona anaiondoa juani. Akanyoosha kidole mtoni. Vilima vile vimesimama wima. Jua hujificha nyuma yake kabla ya wakati wake, na unyevu wa mto hauchelewi kupanda.

Usiku ule nilijifunika mfarishi wenye harufu ya jua, nikalala usingizi wa pono. Nilipoamka nikaanza kuuwazia ufundi ambao sijawahi kusikia mtu akiuita ufundi. Seremala tunamsifu kwa mlango, mfinyanzi kwa mtungi, fundi cherehani kwa kanzu inayokaa vizuri mabegani. Anayelaza wageni tunamlipa, tunamrudishia ufunguo, basi.

Mimi nilipaswa kuujua zamani. Shangazi yangu alikuwa na gesti ya vyumba sita Korogwe, enzi ambazo mabasi ya kaskazini yalikuwa yakiharibika njiani na abiria kulala walipofikia. Neno gesti kwetu lina doa: mtu akikwambia fulani ameonekana gesti, hakusimulii habari za usingizi. Shangazi lilimuudhi sana jambo hilo. Alikuwa akisema yeye hauzi chumba, anauza usingizi, na mteja asiyelala ana haki ya kurudishiwa fedha yake. Sikumbuki kama aliwahi kumrudishia mtu. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka alipozunguka vyumbani jioni akijilaza juu ya kila kitanda, dakika moja moja, macho ameyafumba, huku amevaa kanga mbili na ufunguo shingoni. Tulidhani amechoka.

Nilifika katika nyumba ile ya mtoni kwa sababu ya kontena. Oktoba mji wa Guangzhou hujaa wafanyabiashara. Maonyesho ya bidhaa yanayofanyika huko mara mbili kwa mwaka, na yaliyoanza mwaka 1957, huwakutanisha watu wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wasiokutana kwao. Nilikuwa nimemsindikiza binamu yangu, muuza taa na swichi. Kiwanda kikamwambia mzigo wake utachelewa siku tano. Yeye akabaki kugombana nao. Mimi nikapanda treni ya mwendokasi, ile reli ya kwenda Guiyang iliyofunguliwa Desemba 2014, inayotoka handaki hili na kuingia lile hadi unachoka kuhesabu. Nilishuka kituo cha Yangshuo, ambacho kwa kweli hakiko Yangshuo mjini bali Xingping, kando ya mto Li, pale pale penye mandhari iliyochapwa nyuma ya noti ya yuani 20. Watalii walikuwa wamesimama ukingoni wameinua noti zao, jicho moja wamelifumba, wakilinganisha vilima vya karatasi na vya mawe. Nami nilifanya hivyo. Nisingependa kujifanya mwerevu.

Vilima vyenyewe ni vya mawe ya chokaa, vilivyoliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka mpaka vikabaki vimesimama kimoja kimoja, kama vichuguu vilivyoota majani. Mji wa Yangshuo uliojibana katikati yake una kelele za muziki mpaka usiku wa manane, na nyumba ya kwanza niliyobisha ilinikataa kwa sababu ya pasi yangu: mgeni wa kutoka nje lazima aandikishwe polisi, na mwenye nyumba hakutaka kazi hiyo. Nikasukumwa na dereva wa teksi hadi kwenye kijiji kimoja kando ya mto Yulong, kijito cha mto Li. Maana ya jina hilo ni kukutana na joka.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo wa manjano na vigae vyeusi, ghorofa moja, vyumba vinne vya wageni. Nyumba za namna hii Wachina huziita minsu, neno linaloweka pamoja watu na kulala. Zipo za kila aina. Kando ya mto Li kiwanda cha sukari cha miaka ya 1960 kimegeuzwa hoteli ya kifahari, na waliolala huko wanakisifu. Mimi nazungumzia nyumba ya mama mmoja na mumewe, ambapo kuku hupita sebuleni na hakuna anayeshangaa. Wageni wake Wachina walimwita laobanniang, mama mwenye biashara, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliichukua pasi yangu, akaitazama picha, akanitazama mimi, akapanda pikipiki kwenda kuniandikisha. Aliporudi alikuwa ameshika na balungi kubwa kama kichwa cha mtoto.

Nilipoingia chumbani nilitafuta cha kulalamikia, maana ndiyo desturi ya mtu aliyelipa. Chandarua hakikuwa na tundu. Kandambili zilikuwa mbili mlangoni na mbili bafuni, zile za bafuni zimegeuzwa ncha nje ili mtu anayetoka na miguu iliyolowa azivae bila kuzigeuza. Swichi ya taa ilikuwa mahali mkono unapoangukia gizani. Hakuna picha ukutani. Dirisha lilikuwa limefunguliwa kiasi cha kuonyesha mto. Na mlangoni, nje, chupa ya maji moto. Chupa hiyo ilijazwa alfajiri na ikajazwa tena jioni kwa siku zote nilizokaa, na sikumwona hata mara moja akiijaza. Siku ya pili nilimvizia. Nilisikia kikohozi cha mumewe, nikafungua mlango haraka, nikaikuta chupa imejaa na ua ni tupu.

Wapo wenyeji wanaokupokea kwa kukuandama. Umekula? Ongeza. Umelala? Kwa nini umeamka mapema? Sisi watu wa pwani tuna dhambi hiyo, na tunaiita ukarimu. Shangazi hakuwa nayo, ndiyo maana majirani walisema ana maringo. Kumpa mgeni chakula ni kazi ya mikono, lakini kumwacha peke yake bila kumfanya ajione ametelekezwa kunataka masikio: kujua kutokana na ubao wa sakafu kwamba ameamka, kutokana na ukimya kwamba anasoma, kutokana na mlango uliofungwa mara mbili kwamba anatafuta kitu na haya zinamzuia kuuliza. Laobanniang alikuwa na masikio hayo. Usiku wa kwanza nilikohoa mara tatu, labda nne. Asubuhi, badala ya tambi za mchele walizopewa wengine, mimi niliwekewa uji wa mchele wenye tangawizi. Hakusema neno.

Chakula kilikuwa kisa kirefu zaidi. Nilimwambia kwa programu ya tafsiri iliyomo simuni kwamba sili nyama ya nguruwe. Akaitikia kwa kichwa, akaingia jikoni, akarudi, akaiambia simu yake maneno machache. Simu ikasema kwa Kiswahili safi: "Mafuta yake pia ni adui?" Nikasema ni adui. Pale ndipo alipoona ukubwa wa shughuli, kwa maana katika jiko lile hata mchicha hukaangwa kwa mafuta hayo, na karai lake lilikuwa limeyanywa kwa miaka mingi. Sahani inayosifika Yangshuo nzima ni samaki wa mtoni apikwaye kwa bia, na bia nayo nikaikataa. Nilikuwa mgeni wa kukera.

Jioni ile nilikula mayai ya kuchemsha na balungi. Kesho yake asubuhi kulikuwa na karai jipya juu ya meko, karatasi ya bei bado imeng'ang'ania mpini. Karai la chuma halipikiwi hivi hivi; lazima kwanza lifunguliwe, ndivyo wasemavyo, yaani lichomwe mpaka libadilike rangi kisha lisuguliwe mafuta ili chuma kisishike chakula wala kutu. Kwa desturi hufunguliwa kwa kipande cha mafuta ya nguruwe. Laobanniang alilifungua kwa mafuta ya karanga na fundo la majani ya vitunguu, akisugua, akifuta, akichoma tena, moshi umejaa jikoni na macho yanamtoka machozi. Ilimchukua karibu saa nzima. Kisha akampika samaki yule yule wa Yangshuo kwa nyanya, pilipili na tangawizi, na maji mahali pa bia. Siku ya kuondoka niliisoma hati ya malipo kwa makini nikilitafuta lile karai. Halikuwemo.

Mume wake alikuwa na chelezo. Mto Yulong ni mwembamba na wa taratibu, na vyelezo vyake bado ni vya mianzi ya kweli, minene, iliyochunwa ganda la nje na kupindwa ncha kwa moto ili ipande juu kama pua ya ngalawa. Abiria wawili hukaa mbele kwenye viti chini ya mwavuli, na mwenye chelezo husimama nyuma na upondo. Alinichukua alasiri moja. Nilimtazama mikono kwa kuwa nimeona wavuvi wetu wakisukuma mitumbwi kwenye mikoko, na nilitaka kujua nani zaidi. Hakuna zaidi. Ni kazi ile ile: unauzamisha upondo mpaka uguse chini, unausukuma mwili wako mbele yake, na unauchomoa kabla tope halijaushika. Aliyechelewa kuuchomoa huachwa mtoni akiwa amekumbatia mti.

Kila baada ya mwendo mfupi kuna banio la mawe. Wakulima waliyajenga ili kuyapandisha maji mashambani, na chelezo hulazimika kuteremka juu yake. Hapo mume wa laobanniang hakusukuma tena. Aliuinua upondo, akasubiri, chelezo kikainamisha pua, maji yakapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu yetu, kikatulia. Alinitazama mara moja tu, kuona kama nimeogopa. Huko juu zaidi ya mto kuna daraja la tao moja la mawe lililojengwa mwaka 1412, na kama angekuwa mwandishi mwingine hapa angewaleteeni yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa China miaka mitatu baadaye. Mswahili akienda China humtaja twiga huyo hata akiagiza tambi. Namwacha apumzike. Jioni malori hupanda barabara yakiwa yamebeba vyelezo vilivyopangwa kama kuni, yakivirudisha yalikotoka maji.

Msimu ule miti ya gui ilikuwa imechanua. Guilin, jina la mji mkubwa wa eneo lile, ni msitu wa miti hiyo. Ua lake ni dogo sana, lakini harufu yake huingia nyumbani kabla yako, kama asumini iliyochovywa asalini. Laobanniang aliliweka kwenye chai. Yeye alisema cha, mimi nikasema chai, na hapo hatukuhitaji simu. Alipomimina niligonga meza kwa vidole viwili, shukrani niliyojifunza Guangzhou, akacheka hadi akaliweka buli chini.

Siku ya tatu niliamka na aibu. Kwetu siku ya tatu mgeni hupewa jembe, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha henzerani nikihudumiwa kama sultani. Nilishuka uani nikajaribu kumweleza, simu ikatafsiri jembe kwa namna ambayo sikuielewa wala yeye. Alinitazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na mifarishi, akanipa ile henzerani.

Nilipiga kama mtu anayepiga zulia la msikiti. Alinishika mkono. Ndani ya mfarishi, alinionyesha kwa kuufungua pindo moja, kuna pamba iliyotandazwa tabaka kwa tabaka na kushikwa na wavu wa uzi. Ukiipiga kwa nguvu inakatika na kujikusanya mabonge, na mgeni atajifunika vinundu bila kujua aliyemtendea. Kazi si kutoa vumbi, ni kuiamsha pamba. Akauongoza mkono wangu: kiwiko kimetulia, kifundo kimelegea, henzerani inaanguka kwa uzito wake yenyewe. Nilipopata mdundo wake aliniacha. Mfarishi wa nne ulipofika alikuwa amekwisha kwenda kwenye mabalungi yake, wala hakugeuka kutazama kama ninakosea. Mgongo uliniuma vizuri.

Siku ya nne binamu alipiga simu kwamba kontena limepata mzigo. Nilikunja nguo, nikalipa, nikapewa balungi la njiani. Hatukuagana kwa maneno mengi. Yeye alisema lake, mimi nikasema asante, na kuku akapita katikati yetu. Mumewe aliwasha pikipiki, nikapanda nyuma na begi mapajani. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Tulipofika kwenye kona ya mabalungi niligeuka kuitazama nyumba kwa mara ya mwisho, nikaona fito zimejaa, na wa kwanza kutoka kushoto ulikuwa mfarishi wangu, umeshageuzwa upande ulionigusa, na yeye kwa nyuma ameinua henzerani.