Brick na Unyumba Anaomnyima Maggie

Kunyimwa unyumba ni malalamiko tuliyozoea kuyasikia kwa wanaume. Yanafika kwenye vikao vya wazee, yanafika mahakamani, yanapigiwa simu redioni usiku. Lakini mke akisema kwamba mume ndiye anayenyima, wengi wetu tuna majibu mawili tu mfukoni: ana nyumba ndogo, au jogoo hawiki. Kwa hilo la pili kuna vibao kwenye nguzo za umeme vyenye namba ya mganga. Kwamba mwanamume mzima, mwenye afya, asiye na mchepuko, anaweza tu kuogopa kuwa karibu na mtu, hilo hatuna hata jina lake.

Ndiyo maana naipenda tamthilia ya Tennessee Williams, Cat on a Hot Tin Roof, yaani paka juu ya paa la bati lililopata moto. Ilipanda jukwaani New York mwaka 1955 na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Pulitzer. Paka ni Maggie. Anaishi na mumewe Brick kwenye shamba kubwa la pamba huko Mississippi, na mambo yote yanatokea jioni moja, baba mkwe akitimiza miaka 65. Mzee ana saratani, familia imemficha. Kaka yake Brick ana watoto watano na wa sita yuko njiani. Brick na Maggie hawana hata mmoja, na urithi unanukia. Katikati ya jukwaa kuna kitanda kikubwa. Brick analala kwenye sofa.

Wasomaji wengi wakifika hapa wanakimbilia swali moja: je, Brick alimpenda Skipper, rafiki yake wa mpirani aliyekufa kwa pombe? Swali ni halali. Williams mwenyewe amelipandikiza: chumba hicho cha kulala kilikuwa cha wanaume wawili walioishi pamoja maisha yao yote, ndio waliokuwa na shamba kabla ya mzee. Lakini katika maelezo ya tendo la pili anasema wazi kwamba hataki kutoa jibu la kufunga kesi, kwamba mtu lazima abaki na sehemu isiyofumbuliwa. Mimi nadhani tukilivamia swali hilo kwa haraka tunapitwa na jambo lililo wazi zaidi.

Tazama anachosema Maggie katika tendo la kwanza. Anakumbuka kwamba zamani, kabla ya sofa, Brick alikuwa hodari sana kitandani. Na anaeleza sababu: alikuwa hodari kwa vile hakujali. Alilifanya tendo kwa utulivu wa mtu anayemfungulia mwanamke mlango. Hebu fikiri maana yake. Mwili wa Brick haukuwahi kuwa na tatizo, na mganga wa kwenye nguzo hana la kumuuzia. Alikuwa anakimbia hata alipokuwa palepale kitandani. Sofa imekuja baadaye, kukiweka hadharani kilichokuwepo siku zote.

Anakimbia nini? Jibu liko kwenye tendo la pili, baba na mwana wakiwa wamefungiana chumbani. Mzee anauliza habari za Skipper kwa upole usiotarajiwa, na Brick analipuka kwa matusi na woga. Anadai analewa kwa sababu amechoshwa na uongo wa dunia. Mzee hakubali, anambana mpaka linatoka: Skipper alimpigia simu kutoka mbali, amelewa, akamfungulia moyo wake. Brick akakata simu. Hawakuongea tena.

Kwangu mimi tamthilia nzima imesimama juu ya simu hiyo. Mtu alimkaribia Brick na ukweli, akamuomba ausikie tu, naye akakata. Tangu hapo kila anayemkaribia anakatiwa. Mke akimsogelea ananyanyua kiti kama mfuga simba kwenye sarakasi. Anakunywa mpaka kitu kilie "tiki" kichwani apate amani, na kila nikisoma hapo nasikia mkono wa simu ukirudishwa mahali pake. Kitandani ndipo mtu anaweza kuulizwa akiwa hana pa kujificha. Ndicho anachokiogopa.

Na woga wake hauvai sura ya woga. Unavaa dharau. Anamwambia mkewe hamtaki, hamvumilii, atafute mwanamume mwingine. Bei yote inalipwa na Maggie: shemeji na mkewe wanasikiliza ukutani usiku kisha wanatangaza, na yeye ndiye anayeitwa tasa. Hata huku kwetu, ndoa isipopata mtoto, wa kwanza kupelekwa kwa mtaalamu ni nani?

Filamu ya mwaka 1958, Elizabeth Taylor na Paul Newman, ililainisha mambo. Ya Skipper yakafifishwa kwa sababu ya kanuni za udhibiti wa wakati ule, na mwishoni Brick mwenyewe anamwita mkewe chumbani. Watu wanatoka wamefurahi.

Tamthilia haina raha hiyo. Maggie ametangaza mbele ya wote kwamba ana mimba, uongo mtupu, kisha anaificha pombe ya mumewe: aje kitandani kwanza, ndipo ataipata. Wapo wanaousifu mwisho huu kama ushindi wa mwanamke jasiri. Maggie nampenda, ila hapo sipigi makofi. Geuza tu: mume amshikie mke mlevi chupa mpaka akubali. Tungeliita jina lake. Kwa Brick tunacheka, kwa sababu tumefundishwa kwamba mwanamume yuko tayari muda wote, hivyo hapana yake si hapana, ni kasoro ya kurekebishwa.

Basi usiku ule watalala kitanda kimoja, pengine hata mtoto atapatikana. Ila yale aliyotaka kusema Skipper kwenye simu bado hayajasikilizwa, na sioni popote katika tendo la tatu ambapo Brick ameanza kujifunza kuyasikiliza.