Kitendawili Kilichopoteza Mtegaji: Urithi wa P.T. na Uhifadhi wa Kazi za Kidijitali

Ikisiri

Makala hii inahakiki P.T., kionjo cha mchezo wa video wa hofu ya kisaikolojia kilichotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwezi Agosti 2014 na kuondolewa sokoni Aprili 2015. Inajengwa hoja kwamba sifa ya P.T. ina vyanzo viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: umbo la kazi yenyewe na tukio la kufutwa kwake. Kwa kutumia dhana ya kitendawili kama utanzu wa majibizano, makala inaonyesha kwamba warithi wa P.T. walichukua mandhari yake wakaacha muundo wake, na kwamba heshima inayopewa kazi iliyopotea imezuia uhakiki wa usawiri wake wa mwanamke. Mwisho, makala inajadili funzo la kisa hiki kwa sheria za amana ya machapisho katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Agosti 2014, wakati wa maonyesho ya michezo ya video ya Gamescom mjini Köln, Ujerumani, mchezo mfupi wa bure uliwekwa katika duka la mtandaoni la PlayStation 4. Ulitajwa kuwa kazi ya studio iitwayo 7780s Studio. Studio hiyo haikuwapo. Waliofika mwisho wa mchezo waligundua kwamba mtunzi wake alikuwa Hideo Kojima, aliyeshirikiana na mwongozaji wa filamu Guillermo del Toro, na kwamba walichokicheza kilikuwa kionjo cha mchezo mkubwa uliokusudiwa kuitwa Silent Hills, ambamo mwigizaji Norman Reedus angekuwa mhusika mkuu. Herufi P.T. zilifupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kionjo kinachochezeka.

Kabla ya mwezi mmoja kupita, kionjo hicho kilikuwa kimepakuliwa zaidi ya mara milioni moja. Mwezi Aprili 2015 Konami ilithibitisha kwamba Silent Hills haitatengenezwa, na tarehe 29 mwezi huo P.T. ikaondolewa dukani. Baada ya muda mfupi, hata waliokuwa wameipakua awali na kuifuta hawakuweza kuirejesha. Ilibaki tu ndani ya mashine ambazo wenyewe hawakuifuta, na baadhi ya mashine hizo zikaanza kunadiwa kwa bei kubwa kuliko mashine mpya.

2.0 Umbo la Kazi

Mandhari ya P.T. ni ushoroba mmoja wa nyumba ya kawaida, wenye kona moja, bafu pembeni, na mlango mwishoni. Anayepita mlango huo hujikuta mwanzoni mwa ushoroba uleule. Mchezaji hana silaha, hakimbii, wala hazungumzi. Uwezo wake ni kutembea na kutazama kwa karibu. Redio inasimulia habari za baba aliyeiua familia yake. Kila mzunguko hubadilisha jambo dogo: mlango uliokuwa umefungwa unaachwa wazi kidogo, taa inabadilika rangi, picha ukutani zinageuka.

Hofu hapa haitokani na kisichojulikana, bali na kinachojulikana kupita kiasi. Baada ya mizunguko michache mchezaji anaujua ushoroba kama nyumba yake, na ujuzi huo ndio unaomfanya alione badiliko dogo kuwa tishio. Marudio, ambayo katika michezo mingi ni adhabu ya kushindwa, hapa yamefanywa kuwa njia yenyewe ya usimulizi. Msimulizi wa ngano hurudia kibwagizo ili hadhira ishike mahali pake, P.T. hurudia mahali ili kumnyang'anya mchezaji mahali pa kushika.

Kwa sababu hiyo, kuiita P.T. kipande cha kazi isiyokamilika ni kosa la kihakiki. Silent Hills haikukamilika. P.T. ilikamilika: ina mwanzo, ina kanuni zake, na ina mwisho. Kilichokosekana ni ahadi iliyotolewa katika mwisho huo.

3.0 Kitendawili na Hadhira Yake

Nguvu ya pili ya P.T. imo katika uhusiano wake na hadhira, na hapa nadharia ya fasihi simulizi inatoa msaada ambao istilahi za kiufundi za michezo ya video hazitoi. Kitendawili si maandishi, ni tukio. Kinahitaji mtegaji na wateguaji waliopo pamoja. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", na hadhira ikishindwa humpa mtegaji mji, ndipo jibu litolewe.

P.T. ilitegwa kwa namna hiyo. Hatua zake za mwisho zilikuwa ngumu mno kwa mtu mmoja kuzitegua akiwa peke yake. Kojima alitarajia kwamba wachezaji wangehitaji takriban wiki moja. Jibu lilipatikana katika muda wa saa chache, kwa kuwa maelfu ya watu walilinganisha dalili walizoziona. Hata hivyo, masharti kamili ya hatua ya mwisho hayakupata maelezo mamoja yaliyokubaliwa na wote. Kila kundi lilikuwa na utaratibu wake uliolifanikishia, na kila utaratibu ulipingwa na kundi jingine. Huo ndio mwenendo wa masimulizi yanayopokezanwa kwa mdomo: matoleo mengi, bila matini moja ya kuamulia.

Ulinganisho huu una kikomo chake. Katika utegaji, hadhira hutoa mji pale inaposhindwa. Katika P.T. hadhira ilishinda, na ndiyo iliyoahidiwa mji: ule wa Silent Hill, ambao hatimaye haukujengwa. Zaidi ya hayo, mtegaji wa jadi hawezi kukifuta kitendawili baada ya kukitega, kwani kikishatamkwa ni mali ya waliokisikia. Konami iliweza.

4.0 Mwanamke Ndani ya Ushoroba

Kazi iliyotoweka hulindwa na huzuni ya wanaoikumbuka. Pengine ndiyo sababu suala lifuatalo limepewa nafasi ndogo kuliko linavyostahili. Aliyeuawa katika nyumba hiyo ni mke mjamzito. Lakini anayetisha katika nyumba hiyo ni mwanamke pia: Lisa, mzuka anayesimama gizani na kumvamia mchezaji. Muuaji ni sauti na habari ya redioni. Mwathiriwa ndiye aliyepewa mwili wa kuogopwa.

Mwaka 2019 mchunguzi mmoja wa programu alionyesha, kwa kuibadili kamera ya mchezo, kwamba tangu mchezaji apatapo tochi Lisa huwa amewekwa nyuma ya mgongo wake muda wote, asionekane. Ugunduzi huo ulisifiwa kama ushahidi wa ustadi, na ustadi upo. Lakini unaweza pia kusomwa kwa namna nyingine. Ikiwa mchezaji anatembea katika nafasi ya mume, kama mchezo unavyodokeza, basi kinachomfuata mgongoni ni hatia yake. Usomaji huu unaipa kazi uzito wa kimaadili, ila hauondoi ukweli kwamba Lisa hana neno lake katika kisa cha kifo chake. P.T. ilikuwa na nafasi ya kuuliza nani anapaswa kuogopwa katika nyumba ya namna hiyo. Ilikaribia swali hilo, kisha ikachagua mshtuko.

5.0 Warithi

Athari ya P.T. huonekana katika Layers of Fear ya kampuni ya Bloober Team ya Poland (2016), yenye vyumba vinavyobadilika mchezaji anapogeuka, na katika Visage ya SadSquare Studio ya Kanada (2020), ambayo ni nyumba nzima ya vifo vya kifamilia. Resident Evil 7 ya Capcom (2017) hutajwa pia katika orodha hii, ingawa watengenezaji wake walieleza kuwa kazi yao ilianza kabla ya P.T. kutolewa, kufanana si lazima kuwe kurithi.

Warithi hawa walichukua kilichoonekana: nyumba, giza, macho ya nafsi ya kwanza na, mara nyingi, mwanamke mfu. Utegaji wa pamoja hawakuuchukua, na ni vigumu kuwalaumu. Kitendawili cha aina hiyo hutegemea siri ya utunzi na kutolewa bure, masharti ambayo mtengenezaji anayeuza kazi yake hawezi kuyamudu kwa urahisi. Juhudi za mashabiki za kuiunda upya P.T. nazo zilikuwa na mpaka. Mwaka 2018 nakala ya bure iliyotengenezwa na kijana mmoja iliondolewa kwa matakwa ya Konami.

6.0 Funzo kwa Sera

Kisa hiki si cha pekee. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na shirika la Video Game History Foundation la Marekani ulibaini kuwa asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kibiashara. Ufaransa ilipanua sheria yake ya amana mwaka 1992 ili ijumuishe kazi za kielektroniki, na maktaba yake ya taifa hukusanya michezo ya video. Japani ilianza mwaka 2000 kupokea kazi za kielektroniki zilizo katika diski na vifungashio. P.T. haikuwa na diski wala kifungashio. Ilikuwa faili lililopita katika duka la kampuni moja kuelekea mashine za kampuni hiyohiyo.

Sheria za amana za Afrika Mashariki ziliasisiwa juu ya kitabu na gazeti. Wakati huohuo watunzi vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanasambaza michezo, filamu fupi na vitabu vya sauti, baadhi yake kwa Kiswahili, kwa njia ya kupakua pekee. Kazi hizo zinaweza kutoweka bila uamuzi wowote wa makusudi, kwa mkataba tu kuisha au kampuni kufungwa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu uhifadhi wa urithi wa kidijitali ulishatambua hatari hii.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, maana ya "chapisho" katika sheria za amana ijumuishe kazi zisizo na umbo la kushikika. Pili, maktaba za taifa zipewe ruhusa ya kisheria ya kuvuka kufuli za kidijitali kwa ajili ya uhifadhi na utafiti pekee, bila kugusa haki ya mwenye kazi kuiuza au kuacha kuiuza. Tatu, amana ihifadhi pamoja na kazi kumbukumbu za jinsi ilivyopokewa, kwani nusu ya P.T. ilikuwa katika majibizano ya wateguaji wake, na faili pekee lisingeieleza.

7.0 Hitimisho

P.T. ingekuwa kazi muhimu hata kama isingefutwa, na ingehakikiwa kwa haki zaidi. Kufutwa kwake kuliiongezea utukufu na kuipunguzia wasomaji: leo wengi wanaoizungumzia wameiona katika rekodi za video, ambamo mtu mwingine ndiye anayeufungua mlango. Uhakiki hauwezi kusimama muda mrefu juu ya ushahidi wa namna hiyo. Mwenye kazi ana haki ya kuacha kuiuza. Haki hiyo haipaswi kuwa pia mamlaka ya kuamua kama kazi hiyo iliwahi kuwapo.